Kurudi Nyuma Kabla ya Amina

Dada yangu mdogo alipopata leseni, kulitoa gari kwenye ploti yetu pale Uthiru kulikuwa shughuli ya familia nzima. Baba alisimama getini, nyuma ya gari, akimwelekeza kwa mkono: njoo, njoo, kata usukani. Mama, kwenye kiti cha nyuma, alituombea safari. Dereva mwenyewe alingoja amina, usukani ameukumbatia kwa mikono yote miwili, jasho likimtiririka utadhani anarusha ndege. Siku hizo alikuwa hajui kitu, maskini, na hakuna alichogonga.

Kisha akawa mtaalamu. Alishafika Hurlingham na kurudi bila gari kumzimikia kwenye raundabauti, akaanza kukosoa watu waliokuwa barabarani kabla hajazaliwa. Mkono mmoja ulimtosha; wa pili ulikuwa wa simu. Kioo cha ndani alikitumia kukagua rangi ya mdomo. Hatimaye akamstaafisha Baba.

"Dad, keti tu kwa nyumba. Hii gari nishaizoea."

Baba akasema sawa, na kila asubuhi akaendelea kwenda getini.

Siku ya kliniki ya macho ya Mama, katika hospitali moja ya Hurlingham, maombi yalianza kama kawaida. Mtaalamu wetu, akihofia foleni ya Waiyaki Way, aliona Mungu anaweza kusikiliza huku gari likitembea. Mama alipofika kwenye "utulinde mbele na nyuma," tayari tulikuwa tunarudi nyuma. Mimi, nisiye na leseni, nilikuwa nimefumba macho kwa imani. Nikasikia kishindo.

Baba alikuwa chini nyuma ya gari, mguu umepinda vibaya. Niliogopa, na hasira ikanipanda; nikashuka kumwinua.

Basi Hurlingham tulienda, Baba amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama. Dada aliendesha akilia, usukani ameukumbatia tena kwa mikono yote miwili. Hospitalini nafasi ya kuegesha ilikuwa moja tu, nayo nyembamba. Akajaribu kuingia kinyumenyume, akasimama katikati, akashindwa kabisa kusogea.

Baba akajiinua kwa kiwiko, uso umekunjamana kwa maumivu, akachungulia kioo cha nyuma.

"Njoo," akasema. "Njoo. Kata."

Dada akakata, polepole, kama siku ya kwanza.