Ukuta wa Nkowe Uliokataliwa na Ng'ombe

Saa kumi na moja jioni, ng'ombe wa Mzee Mahona wamesimama nje ya uwanja wao na hawataki kuingia. Fundi mwashi Mwanawetu Bashiri anawatazama, mwiko mkononi, huku saruji ikianza kugandamana kwenye karai.

Ukuta anaoujenga hapa Nkowe, wilayani Ruangwa, ni wa mawe hadi kiunoni. Juu yake zitakaa grili za chuma zilizochomelewa Nachingwea. Mahona, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, anasema tangu mawe yapandishwe mifugo yake inalala porini.

Mwanawetu, mwenye umri wa miaka 43, alianza kazi hii akiwa saidia fundi wa marehemu mumewe. Hulipwa kwa mita, na korosho zikikosa bei hakuna anayejenga, naye hushindia mihogo. "Walinicheka, mwanamke na mwiko," anasema. "Mchagua jembe si mkulima."

Lakini ukuta huu umemtoa jasho jembamba. Jiwe moja karibu na lango lilikataa kushika. Akilijenga jioni, asubuhi analikuta limelala chini, safi kama limeoshwa. Alilaumu mbuzi, akalaumu saruji, mwisho akaulaumu mkono wake mwenyewe.

Leo amelifuta vizuri na kulitazama. Ni jembamba, refu kama kutoka kiwiko hadi vidoleni, na nusu yake imeiva wekundu wa udongo. Mawe ya namna hiyo wenyeji huyasimika kaburini, moja kichwani na moja miguuni. Dogo kama hili ni la mtoto.

Akamuuliza Mahona alikoyatoa mawe ya ukuta. Mzee akajibu kwamba aliyasomba kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka mahame fulani upande wa Matambarale, penye mikorosho mikuukuu isiyo na mwenyewe.

"Yalikuwa yamekaa mawili mawili, mama. Nikajua kuna mtu kayapanga ayauze," anasema. "Nilipiga hodi. Mtoto akaitika, karibu. Sikumwona, nikapakia."

Mwanawetu alizaliwa kwenye mahame hayo. Kabla ukoo wake haujahamia barabarani, alimzika huko mwanawe wa kwanza, aliyekufa hajajua kutamka neno.

Hajui kama jiwe hili ni la mwanawe, na hapo ndipo moyo unapomuuma. "Naogopa, sikufichi," anasema. "Ila uchungu umepita hofu. Kama ni yeye ananitafuta, mimi nampaka saruji?"

Analibeba jiwe kifuani, anatoka nalo nje ya lango. Ng'ombe wanampisha, kisha wanaingia mmoja mmoja bila kuswagwa. Mahona anavua kofia.

Wamekubaliana kuubomoa ukuta na kuyarudisha mawe yote kwa mkokoteni ule ule. Mahona, ambaye macho hayainui, ametoa na grili zake zipelekwe huko. Tatizo ni kwamba hakuna anayekumbuka jiwe lipi lilikuwa la nani, na makaburi yenyewe yamebaki ardhi tupu.

Mwanawetu ameshafikiri la kufanya.

"Nikisema amelala hapa, nitakuwa naongopa," anasema. "Basi nitawazungushia wote ukuta mmoja. Wangu atakuwamo humo humo."