Sweta 120, mikono mirefu, na kwa nini nilienda kwa Madam bila ruhusa ya Auntie

Wakuu wa humu, habari zenu.

Mimi ni wa kusoma tu na kupita. Huu ni mwaka wa pili niko hapa na sijawahi kuandika hata "asante". Niko Form Three, na watu wakiwa zaidi ya watatu sauti yangu inapotea.

Lakini nimechoka kusikia upande mmoja wa hii story ukizungushwa hapa Malili. Nitasema venye ilikuwa, pamoja na mahali nilikosea. Mkitaka kutukana, someni kwanza mpaka mwisho.

Auntie yangu Ndunge ana workshop ya kufuma sweta za shule. Ni chumba kimoja nyuma ya maduka ya barabarani, na mashine mbili za mkono. Auntie anakalia mashine ya kwanza. Ya pili ni ya Kalondu, mfanyakazi wake. Mimi likizo zote niko pale, kazi yangu ni kuunganisha vipande na kushona shingo.

Disemba iliyopita akaja Madam Deputy wa shule moja ya Kilungu. Anataka sweta mia moja na ishirini, za watoto wa Grade One hadi Three, ziwe tayari siku ya kufungua shule. Zikitoka vizuri, Auntie atakuwa akifumia shule nzima kila mwaka.

Hiyo oda Auntie alikuwa ameiombea kanisani miaka miwili. Sifanyi mzaha. Alisimama mbele ya watu akaomba waiombee.

Akapiga hesabu pale pale. "Mimi nafuma bodi sita kwa siku. Tukitoa Jumapili na Krismasi, tuko na siku ishirini. Sita mara ishirini ni ngapi?"

"Mia moja na ishirini," Madam akasema.

"Si unaona? Imeingia kama kifuniko."

Bodi ni kile kipande cha mbele na cha nyuma. Haina mikono, haina shingo. Mtoto hawezi kuvaa bodi aende shule.

Mimi huwa naandika diary, na naandika hata vitu havina maana. Huko nilikuwa na rekodi ya likizo mbili. Auntie, bodi sita kwa siku. Kalondu, mikono jozi nane. Mimi, kuunganisha, sweta tano. Nikiharakisha sita, na ya sita inatoka imepinda.

Kwa hivyo workshop yetu si ya sweta sita kwa siku. Ni ya tano, kwa sababu zote lazima zipitie kwangu. Business Studies inaita hiyo bottleneck, na hiyo bottleneck nilikuwa mimi. Siku ishirini ni sweta mia moja, tena kila kitu kikienda sawa.

Nilijua hiyo siku ya kwanza. Nikaandika kwa diary. Sikusema. Hapo nilikosea na nakubali.

Sasa sikieni venye Auntie anapenda kufanya kazi. Anafuma bodi zote kwanza. Anazipanga kwa meza mpaka rundo linagusa dirisha, na mtu akipita anaambiwa, "Angalia, tuko mbali!" Kalondu naye anarundika mikono kwa gunia. Kuunganisha ni ya wiki ya mwisho, eti tutaungana watatu tuimalize.

Siku kumi na mbili nilikuwa nakunja nyuzi na kufagia.

Siku ya tatu nilijaribu. "Auntie, naweza unganisha moja tu, tuone?"

"Tuone nini? Hujawahi ona sweta?"

Kalondu akacheka. Nikarudi kwa ufagio.

Siku ya kumi na mbili jioni, kazi ya siku ikiwa imeisha, Auntie akaenda matanga. Kulikuwa na bodi sabini na mbili. Nikachukua moja, nikatoa mikono miwili kwa gunia, nikaunganisha. Nikamwita Mutheu, msichana wa duka la mbele, ako Grade Three, nikamvalisha.

Vidole vyake havikuonekana. Mkono uling'inia kama soksi ya baba yake, na kwa kwapa kitambaa kilijikunja.

Mutheu akarusha mikono juu. "Angalieni! Niko na mabawa!"

Kalondu hakucheka. Akachukua futi, akapima mkono mmoja, akapima mwingine, akakaa chini.

"Nilifuma laini sitini na nne. Vile aliniambia."

Na alikuwa anasema ukweli. Laini, yaani mistari ya kufuma, zilikuwa sitini na nne. Shida ni mashine ya pili inafuma nyuzi zikiwa zimelegea kuliko ya kwanza, kwa hivyo laini zile zile zinatoa mkono mrefu na mpana. Hesabu ni moja, sweta ni mbili. Na kwa sababu hakuna sweta hata moja ilikuwa imekamilika, hakuna mtu angejua. Jozi tisini na sita, zote mabawa.

Auntie aliporudi nikamwonyesha ile sweta, akamgeukia Kalondu. "Umeniua."

"Si yeye," nikasema. "Ni mashine. Na tungeunganisha moja siku ya kwanza tungefumua jozi moja, si tisini na sita."

"Aiya! Sasa wewe ndiye unanifunza kufuma?"

Nikafungua diary, nikamwonyesha. Zimebaki siku nane. Mikono ikifumuliwa na kurudiwa ni jozi sitini na nne. Bodi ziko za kutosha, kwa hivyo yeye aache kufuma, asaidie kuunganisha. Sweta nzuri, kama sitini. Tumwambie Madam sasa.

"Oda haikataliwi," akasema. "Tutakesha. Zikifika zikiwa mia moja na ishirini, nani atapima mikono?"

Wakuu, hiyo ndiyo sentensi ilinitoa uoga. Nani atapima? Mtoto wa miaka sita ndiye atapima, Jumatatu asubuhi, baridi ya Kilungu, mbele ya wenzake wakimcheka.

Kesho yake nikapanda Kilungu. Maneno nilikuwa nimeandika kwa karatasi kwa sababu nilijua nitasahau. Madam alikuwa ofisini akisajili watoto wapya.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Auntie yako anajua uko hapa?"

"Hajui."

Nikasoma karatasi. Sitini siku ya kufungua, tuanze na Grade One kwa sababu hao hawana sweta za zamani. Zingine baada ya wiki mbili na nusu.

Akatazama dirishani. Mimi nilifikiri atasema asante.

"Basi leteni hizo sitini," akasema. "Zingine nitapeleka kwa fundi wa mji wa Wote."

Nililia njia yote ya kushuka.

Auntie alipigiwa simu kabla sijafika. Nikamkuta mlangoni. "Umepeleka kazi yangu Wote na miguu yako mwenyewe." Hakusema kitu kingine mpaka mwaka mpya.

Tulipeleka sweta sitini na moja. Zikarudi mbili, shingo imeachia. Hizo mbili nilishona mimi, siku nilikuwa na hasira. Sifichi.

Oda ya shule nzima hatukupata. Kwa hivyo wale wanasema nilimharibia Auntie biashara, sawa, nimewasikia. Lakini hakuna mtoto alivaa mabawa kutoka kwetu, na sitaomba msamaha kwa hiyo.

Likizo hii kwaya ya kanisa imeleta oda ya sweta arobaini. Juzi Auntie akaanza bodi ya kwanza, akaiweka kwa meza, akashika nyuzi za ya pili. Kalondu alikuwa bado anakunywa chai.

Nikachukua ile bodi, nikakalia mashine ya pili niifumie mikono.

"Shuka hapo."

"Sishuki. Hii itakamilika kwanza, na mtu aivae."

"Nimesema shuka!"

"Auntie, sishuki."

Nikaruka laini mbili, nikafumua, nikaanza tena. Yeye alisimama nyuma yangu na nyuzi mkononi, bodi ya pili hakuianza. Nikamaliza mkono wa kulia. Nikaanza wa kushoto.

Nimejifunza hivi: usipige hesabu ya workshop kwa mtu wa haraka, piga kwa mtu wa mwisho. Kamilisha moja kabla ya kurundika mia. Na ukijua haitawezekana, sema mapema, hata kama ukweli utaenda kufumwa Wote.

Wenye workshop, bakery, jua kali, mnafanyaje kwenu? Na wale mnaona nilimsaliti Auntie, niko hapa, nitajibu kila mtu. Lakini mje na hesabu.