Mwonjaji na Divai Changa

Mwenye hoteli hakuchoka kumtazama mama mwonjaji wa divai kazini: huizungusha glasi taratibu, hunusa macho kayafumba, husukutua, kisha hutema ndooni bila kudondosha tone. Siku hiyo aliisifu divai nyekundu ya Kiitaliano ya miaka ishirini, akaikataa nyingine, changa, iliyoletwa kwa makreti. "Inakwaruza ulimi, baba. Irudishe." Makreti yakafungwa yarudishwe kwa muuzaji. Asubuhi ya pili mama akarudi mvua ikinyesha, akaomba mabaki ya ile changa, yaliyolala kwenye chupa iliyo wazi. Akaonja mbele ya wahudumu wote. "Nilikosea," akasema. "Ilitaka kupumua kwanza, ipigwe na hewa, na haraka yangu ikakosa baraka. Ilaze miaka kumi, utanikumbuka." Mwenye hoteli akainama kuyafungua makreti.