Nywele za Kapteni

Ukitaka kuharibiwa sinema, keti karibu na mke wangu. Nekoye ni fundi wa nguo hapa Chekalini, na macho yake yamezoea kuona mshono uliopinda hata ukiwa mbali. Kwa hiyo hawezi kutazama filamu za anga za juu kama binadamu wengine. Sisi tumekaa roho mkononi, chombo kinateketea katikati ya nyota, yeye anauliza kwa sauti, "Huko si hakuna hewa? Huo moto unawakanga na nini?" Fizikia hiyo aliiokota kwa binti yetu Rachael alipokuwa kidato cha pili. Shujaa akiumia shavu la kushoto, Mama Rachael ndiye atakayetutangazia kwamba kidonda kimehamia la kulia. Siku moja kwenye kibanda cha video walimwomba, kwa heshima zote, atoke nje. Alitoka, akasimama dirishani akaendelea.

Basi Elvis, kijana wa hapa mwenye kamera yake, akaja kuniomba kona ya shamba atengeneze filamu. Hadithi yake ilikuwa hivi: kuna dunia ya mbali imelipuka, watu wote wamekufa, amebaki kapteni mmoja, mwanamke. Anaingia katika chombo chake, anasafiri, anashukia kwenye mahindi ya Wanzala, yaani mimi. Chombo chenyewe kilikuwa tangi la maji lililopasuka, likapakwa rangi ya fedha na kutiwa mlango wa friji iliyokufa. Nekoye alikizunguka mara moja tu akauliza kwa nini mlango wa chombo cha kapteni bado una kitasa kilichoandikwa jina la kampuni ya friji.

Elvis hakukasirika. Alimwajiri. "Mathe, kazi yako ni kuangalia tu. Kitu kikibadilika, piga kelele. Na mwisho wa filamu nitaandika jina lako."

Jina lake! Mke wangu hajawahi kuandikwa popote ila kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki. Wiki hiyo kanisa zima lilipata habari, na waliochelewa ibada wakaambiwa upya. Nami nakiri nilimwonea wivu kidogo, maana shamba lilikuwa langu na hakuna aliyetaja jina langu.

Kazi aliifanya kwelikweli. Alikuwa na daftari la kuandika ni kiatu kipi kina matope na kifungo kipi kimefunguliwa. Siku moja alisimamisha kila kitu, kapteni akiwa katikati ya maneno yake ya majonzi. "Hiyo ingokho imepanda hapa saa ngapi?" Kweli, kuku wangu mwekundu alikuwa ametulia nyuma ya usukani.

Kapteni alikuwa Mitchel, msichana mwenye rasta zinazofika kiunoni. Jumamosi walirekodi akiingia kwenye chombo na akisafiri. Kilibaki kipande kimoja tu, mlango kufunguka na yeye kutoka. Jumanne nyanya yake Mitchel akafariki huko Likuyani.

Kwetu, siku chache baada ya mazishi, kuna siku ya kunyoa. Watu wa nyumba ile hukaa kwa mstari, vichwa vinanyolewa, na ukikutana nao njiani unajua wamefiwa. Wengine waliookoka wameacha, lakini kwa kina Mitchel hawajaacha. Elvis alikumbuka jambo hili maiti imeshazikwa. Alikuja kwetu mbio.

"Mathe, nenda ukazirinde hizo nywele! Zikienda, filamu imekufa. Na jina lako siwezi kuandika kwa kichekesho."

Tulienda mimi na Nekoye, mimi nimebeba nusu gunia la mahindi ya rambirambi, yeye amebeba hotuba. Njia nzima aliifanyia mazoezi: kazi ni kazi, nywele si imani, marehemu mwenyewe angependa sinema.

Tulikuta shangazi yake Mitchel, Mama Zipporah, ameketi kwenye kigoda na wembe na bakuli la maji. Mitchel alikuwa wa tano kwenye mstari. Alipotuona aliinuka akaja.

"Elvis amekutuma."

"Amenituma," mke wangu akasema.

"Nikikataa hawatanilaumu. Pasta amesema si razima. Lakini kukhu, huyu nyanya tumezika, ndiye alinisukanga nywele tangu nikiwa mdogo. Sasa hizi nitatembea nazo wapi na yeye hayuko?"

Ile hotuba sikuisikia. Nekoye alifungua mkoba akatoa mkasi wake wa kushonea.

"Keti hapa. Wembe haupitangi kwenye rasta."

Alizikata moja moja, polepole, akazipanga kwenye leso. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alilia bila kujificha. "Nilikuwa naitaka hiyo jina, Baba Rachael. Niliitaka sana."

Elvis alitafuta wigi hadi Kakamega mjini. Mitchel akalivaa, akalivua, akasema hawezi. Ikabidi warekodi hivyohivyo, na Elvis hakumsemesha mtu siku tatu.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa Lumakanda. Nekoye alitaka tukae nyuma kabisa. Mlango wa friji ulipoanza kufunguka alinishika goti akalifinya hadi nikauma meno. Kapteni alikuwa ameingia na rasta hadi kiunoni, akasafiri dakika mbili, akatoka kichwa kinang'aa.

Nilingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akakiambia kile kitambaa cheupe cha sinema, "Pole, mwanangu."

"Pole," mwingine akaitikia. "Pole sana." Ikapita ukumbi mzima. Watu wake wote wameteketea, angeachaje kunyoa? Jamaa nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Lakini amenyolewa na nani, na amebaki peke yake?" Akaambiwa anyamaze.

Pale mbele Mitchel alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Mke wangu akaondoka kwenye kiti, akaruka miguu ya watu, akamfikia, akamvutia kifuani. Kwenye kitambaa majina yakaanza kupanda. Nikasoma: Macho, Nekoye Wanzala. Elvis alikuwa ameliandika, tena kwa herufi kubwa.

"Mama Rachael, angalia!" nikapaza sauti. Alikuwa amekipa mgongo kitambaa, mkono wake juu ya kile kichwa kilichonyolewa. Nilimwita mara ya pili, naye hakugeuka, na jina likapita.