Nguzo ya Ribe

Madam wangu wa Riyadh alinituma Jeddah kwa mama mkwe wake kwa sababu moja tu: bibi yule alikuwa haoni tena, na kila alipokasirika alikasirika kwa Kiswahili. Yeye na jamaa zake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, wakati wa mapinduzi, na hawakurudi. Mimi natoka Kitale, na Kiswahili changu, alisema bibi, ni cha kupasulia kuni.

Pale Al-Rawdah, mtaa wa bibi huko Jeddah, ukiacha usafi na dawa za sukari, kazi yangu kubwa ilikuwa kuangalia picha. Mjukuu wa bibi, aliyemlea yeye mwenyewe, alikuwa amemaliza masomo Denmark, na kazi ameipata huko huko, katika mji mdogo uitwao Ribe. Alikuwa hajatia saini mkataba. Alitaka kwanza radhi ya bibi yake, na bibi alikuwa kimya wiki ya tatu sasa.

"Pahala penyewe sipajui," aliniambia. "N'tampaje radhi?"

Basi kijana akawa anatuma picha kwenye simu yangu, nami kila alasiri namsimulia bibi.

Mungu wangu, mji ule! Mimi niliyetoka Al-Malqa, mtaa wa madam kule Riyadh, ambako nyumba hubomolewa kabla rangi haijapauka, niliona nyumba za mamia ya miaka ambazo bado zina watu na maua madirishani. Kuta zimeinama juu ya njia za mawe, na miti yake iko nje. Nikamwambia bibi wamesahau kupiga plasta.

"Boriti hizo, mjinga we," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Kisha kanisa kuu, lenye mnara ambao ukiupanda unaona majani mabichi tambarare kuelekea baharini. Nililitazama nikiwa na chozi, sifichi. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo nikiosha sufuria, na huko watu wamesali kwa sauti tangu enzi za mababu wa mababu zao. Ikaja video ya mlinzi mwenye taa na rungu, anazunguka mitaani akiimba kama walinzi wa zamani waliolinda mji usishike moto, na wageni wanamfuata nyuma. Bibi alinifanya niirudie video ile mara nne.

Siku moja ikaja picha ya nguzo kando ya mto. Ina pete za chuma, kila pete na mwaka wake, na kijana amesimama chini yake. Nikajua mara moja. Kwetu baba alituchora urefu kwenye mlango wa jikoni kila Krismasi.

"Wanapimia watoto, Bibi. Ile ya juu kabisa imempita hata mjukuu wako, hiyo ni urembo tu."

Uso wake ukalegea. "Mji mzima unapima watoto wake! Halas. Kesho baada ya sala n'tampa radhi."

Kwa kujisifu, nikamwandikia kijana kwamba nguzo yake imemaliza kazi. Akajibu kwamba zile ni alama za bahari. Kila pete ni mwaka ilipoingia mjini, na mwaka wa pete ya juu maji yalifika hadi ndani ya kanisa kuu, watu wengi wakafa.

Nilikaa kwenye stuli ya jikoni. Nikinyamaza, kijana anapata kazi yake na hakuna wa kunishtaki. Lakini bibi alikuwa anaona kwa macho yangu, hana mengine. Nikaenda nikamwambia.

Tasbihi ikasimama mkononi.

"Na waliosalia walikwenda wapi?"

Nikamuuliza kijana. Jibu lilichelewa, na bibi hakusogea.

"Hawakuenda popote, Bibi. Walikausha nyumba zao, wakajenga zilizobomoka. Baadaye wakainua tuta la kuzuia bahari. Wako palepale mpaka leo."

Akaiweka tasbihi mapajani.

"Sie hatukubaki," akasema.

Akanyoosha mkono kutaka simu, nikaibonyeza irekodi sauti.

"Mjukuu wangu, kaa huko. Radhi yangu unayo. Na Mungu akikupa mtoto, siku akiweza kusimama, mpeleke ukampime kwenye nguzo ile."