Betri ya Tatu

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye dereva wa mashine ya kukatia nyasi katika chuo tunachofanyia kazi sote wawili, mimi nikiwa stoo. Mashine yenyewe ni ya kukalia, ina usukani na magurudumu manne, na anaipenda kuliko anavyonipenda mimi. Kila jioni huiosha kwa mpira wa maji mpaka chini ya injini. Mafundi humtania kwamba anamwogesha bibi harusi. Yeye huwajibu kwamba uchafu ni ugonjwa.

Mwezi ule betri mbili zilikufa. Msimamizi alipokuja juu, wifi hakusita.

"Ni mlinzi wa usiku. Anakaa pale kwenye kiti, anaacha swichi wazi. Kikulacho ki nguoni mwako, bosi."

Mlinzi alikana, lakini nani humsikiliza mlinzi? Barua ya kumfukuza ikaandikwa. Ijumaa saa nne asubuhi angekabidhiwa, arudishe sare, aende zake.

Ijumaa hiyo, saa tatu, nilimkuta wifi bandani ameshika mita ya fundi umeme. Betri ya tatu ilikuwa imefungwa jana yake. Fundi alimwambia neno moja tu, "Pima kabla hujamzika mtu," na tangu hapo usingizi ukamruka.

"Nisomee, wifi. Miwani nimesahau."

Muongo. Miwani ilikuwa kichwani.

Injini ikiwa imezimwa, mita ilisoma volti kumi na mbili nukta saba. Betri nzima kabisa. Akawasha, akaongeza moto mpaka bati za banda zikatetemeka. Fundi alikuwa amesema hapo namba lazima ipande, ipite kumi na tatu na nusu, ndiyo dalili kwamba injini inaichaji betri. Haikupanda. Kumi na mbili nukta tano. Nukta nne.

"Labda umesoma vibaya."

"Namba nazijua tangu darasa la kwanza."

Alielewa kabla yangu. Kama kosa lingekuwa la mlinzi, betri ingeisha mashine ikiwa imelala. Hii ilikuwa inaisha mbele ya macho yetu, injini inanguruma, mlinzi hayupo.

Akazima, akalala chali sakafuni, akaufuata kwa kidole waya unaopeleka chaji kutoka kwenye injini. Katikati una kiunganishi cha plastiki. Alipokichomoa, maji yakamdondokea shavuni. Ndani, vyuma vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, na mashine hulala bandani.

Akakwangua kutu kwa bisibisi, akakausha, akakichomeka tena. Tukapima: kumi na nne nukta moja. Siku nyingine tungepiga vigelegele.

"Imepona," akasema kwa sauti ndogo. "Haifi tena."

"Na mlinzi je?"

"Wifi, nikisema ni mimi, ninaondoka mimi. Nani atamwajiri mwanamke wa miaka hamsini na mbili aendeshe mashine?"

Niliogopa, sitaficha. Mama mkwe anaishi kwake. Akifukuzwa, wote wawili watahamia kwangu. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno kumwambia anyamaze. Saa nne kasoro dakika kumi.

Akainuka. Yeye asiyevumilia hata doa, akatoka na grisi mpaka usoni. Nikamfuata.

Mlinzi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, sare ameipiga pasi na kuikunja kwenye mfuko mapajani. Alipomwona wifi alisogea ampishe.

"Karibu dada, kaa."

Wifi hakukaa. Aliingia bila kubisha hodi, mlango akauacha wazi, akaeleza yote: mita, waya, maji ya kuoshea kila jioni.

"Kwani ulimwona kwa macho yako akikaa kwenye mashine?" msimamizi akauliza.

"Sikumwona. Hata siku moja."

Msimamizi aliichana barua polepole. Kisha akavuta karatasi nyingine nyeupe, akafungua kalamu.

"Haya. Jina lako kamili."

Wifi aligeuka kwanza kuelekea mlangoni.

"Kaka, nenda kavae sare yako," akamwambia mlinzi. Halafu akaanza kulitaja jina lake, herufi kwa herufi, lisije likakosewa.