Mizani ya Kliniki

Mkwe wa Mzee Cherehani aliweka filamu ya mfungwa anayesubiri kitanzi, na binti akamkanyaga mumewe mguu: huyu mwanamume hana akili, baba si amekaa papo hapo? Lakini mzee aliitazama mpaka mwisho huku akipiga miayo, kisha akasema, "Wamesahau mizani."

Hakuna aliyemuuliza. Nyumba nzima ilijua kwamba alishona sare gerezani miaka mingi akiwa amehukumiwa kunyongwa, hadi msamaha ulipomtoa, na nyumba nzima ilijifanya haijui. Wasichokijua ni kwamba kule mtu alipimwa uzito ili kamba ikatwe kwa kipimo chake. Ukishapandishwa mizani, yako yamekwisha.

Asubuhi binti alimpeleka kliniki kwa ajili ya kikohozi. Muuguzi, dada mchangamfu, akamwonyesha kona.

"Baba, panda hapo nikupime, halafu daktari atakuona."

Mzee aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Kwenye benchi wagonjwa walikuwa wakipiga soga, na hilo lilimuudhi kweli kweli. Mtu anapelekwa, wao wanapiga soga.

Hakubisha. Kule kubisha hakukuwahi kumsaidia mtu. Akavua koti na saa, akampa binti. Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani.

"Hivi mpe mumeo," alisema. "Soli bado nzima."

Kisha akapanda, akafumba macho, akanyoosha shingo.